Gari la Shangazi na Mpigapicha Mfupi

3 Februari

Mwanangu,

Najua unaniamkia hapo ulipo, kwa hiyo marahaba, tusipotezeane muda. Huku tu wazima. Paa la jikoni limezibwa, paka amezaa tena ndani ya kabati la mashuka, na jirani yetu fundi redio amenunua spika mpya, maana yake mtaa mzima tumenunua spika mpya. Wewe hujambo? Unakula? Kile chumba chako juu ya duka la vioo bado kinavuja?

Habari yenyewe ni hii: shule ya udereva imefungwa. Mwenye shule amechoka, wanawe hawaitaki. Magari matatu yamechukuliwa na watu, la nne hakuna aliyeligusa. La nne ndilo langu. Unalijua, lile la rangi ya maziwa lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwenye shule akanikabidhi funguo, akasema, "Mwalimu, mmezeeka pamoja, nendeni pamoja." Sikujua kama nicheke au nimpige na mkoba.

Sasa liko uani kwangu, na mimi sijui kukaa bure. Nimeamua kufundisha udereva kwa video. Watu siku hizi wanajifunza hata kushona kwa kutazama simu, kwa nini wasijifunze klachi? Nimetengeneza video ya kwanza, dakika kumi na moja, inaitwa "Lijue Gari Lako". Nimepata na mpigapicha. Usiulize ni nani, humjui.

Nimeiweka kwenye flashi humu ndani ya bahasha. Itazame uniambie. Wewe ndiye fundi wa video katika ukoo huu, ingawa ni za harusi. Na usinipigie simu, tafadhali. Simu yangu sasa ndiyo kamera, na ukinipigia utanitania, nitacheka, nitasahau nilichotaka kuuliza. Niandikie.

Shangazi yako


15 Februari

Shangazi,

Shikamoo, hata kama umeshaipokea. Mimi mzima. Chumba bado kinavuja, lakini sasa najua kinavuja wapi, nimehamisha kitanda. Kazini ni msimu wa harusi, tunahariri mpaka macho yanakuwa kama ya chura. Wiki hii bibi harusi mmoja ametaka mjomba wake aondolewe kwenye video yote kwa sababu alicheza vibaya. Tumemtafuta huyo mjomba picha kwa picha, yumo kila mahali. Hata kwenye kukata keki, nyuma ya keki, mabega yanapanda na kushuka. Bosi wetu, tunayemwita Kamanda, amesema tukimwondoa huyo, harusi itabaki dakika nne.

Pole kwa shule kufungwa, na hongera kwa gari.

Video nimeiona. Ni nzuri sana, Shangazi. Umejitahidi mno. Gari linapendeza, na wewe unapendeza. Watu watafaidika. Endelea hivyo hivyo.

Nisalimie jirani na spika zake.

Mwanao


24 Februari

Wewe mtoto,

Sisi wazima. Paka mmoja amefumbua macho. Basi, salamu zimekwisha.

"Ni nzuri sana. Umejitahidi mno. Endelea hivyo hivyo." Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jambo moja la kweli ndani yake, nikapata kwamba chumba kinavuja. Umenivika kilemba cha ukoka, mimi niliyekufunga nepi!

Nisikilize. Nimekaa kiti cha pembeni mwa dereva miaka ishirini na sita. Kama ningekuwa namwambia kila mwanafunzi "vizuri sana", mji huu usingebaki na nguzo ya taa hata moja. Mtu akielekea mtaroni humwambii "umejitahidi". Unakanyaga breki, halafu unamwambia kwa nini umeikanyaga, halafu anarudia. Hiyo ndiyo heshima.

Wala usidhani sijui ulikoanzia kuwa mtu wa kusifu kila kitu. Ulianza siku ile sebuleni kwa baba yako, ulipotuonyesha filamu yako ya kwanza, naye akasimama mbele ya wageni akasema amepoteza dakika kumi na saba za maisha yake. Nilikuwepo. Nilikuona ukichomoa waya wa kompyuta. Miaka minne sasa wewe na yeye hamzungumzi, na miaka minne hiyo hiyo wewe hujamwambia binadamu yeyote kwamba kazi yake ina kasoro. Hayo ni yenu, siyaingilii. Lakini mimi usinifanyie hivyo.

Itazame tena. Niambie kama unavyomwambia Kamanda.

Shangazi


9 Machi

Shangazi, shikamoo,

Natumaini wote mmeamka salama, na paka wote wamefumbua macho. Kwangu salama. Mvua imekata, kwa hiyo chumba changu kwa sasa ni kama cha watu wengine.

Haya. Umetaka mwenyewe.

Sekunde arobaini za mwanzo tunatazama ndala yako ya kushoto. Ni ndala nzuri, lakini video inaitwa "Lijue Gari Lako". Upepo umekula maneno yako yote pale getini, nimesikia "radieta" na "msipofanya hivyo mtakufa", katikati sijui. Unasoma kwenye karatasi uliyoibandika kwenye kioo cha mbele, na macho yako yanakwenda kushoto kulia kama mtu anayetazama mpira. Ukisema "mtazamaji mpendwa" sauti yako inakuwa ya mtangazaji wa vifo redioni. Boneti imefunguliwa dakika tatu nzima na ndani ni giza tupu. Unaonyesha kijiti cha oili na mimi naona kiganja.

Tena, kuna kidole. Kimeingia kwenye lenzi dakika ya pili na kimetoka dakika ya sita. Kimekaa sana hata nikaanza kukizoea. Kilipoondoka nikakikumbuka.

Hapo nafika kwa mpigapicha wako. Shangazi, huyu mtu ni nani? Ni mfupi hivyo kweli, au anapiga magoti? Kila kitu kimepigwa kutoka chini, gari linaonekana kama ghorofa na wewe umekuwa pua mbili zinazofundisha udereva. Halafu akitaka kugeuka anashtuka, picha inaruka kama inavuka kizingiti. Nakushauri kwa moyo safi: mfukuze. Mpe shughuli nyingine, ashike ndoo ya maji.

Sasa kilicho kizuri, na hiki sikivishi kilemba. Dakika ya tisa gari linakataa kuwaka. Umesahau karatasi, umesahau kamera, unalipiga dashibodi kofi la upole na kuliambia, "Usinifedheheshe, nimekuosha leo." Halafu unacheka, na nyuma ya kamera mtu anabana kicheko mpaka kinatoka kama kikohozi. Hizo sekunde ishirini nimezirudia mara saba. Hapo ndipo nilipomwona mwalimu wangu, aliyenifundisha kuendesha nikiwa na miaka kumi na nane, na nikataka kumsikiliza mpaka kesho. Tupa zile dakika kumi nyingine. Anzia hapo.

Mwanao anayetetemeka


21 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Wiki sita. Nimeuliza ofisi ya vifurushi kituo cha mabasi kama barua yangu ilipotea, wakaniambia ulisaini mwenyewe.

Nimekuumiza? Sema tu. Nilijua. Ndiyo maana mimi huwa nasema "nzuri sana". Ukisema nzuri sana, watu wanakujibu barua.

Naomba nipige simu. Au nije.

Mwanao


4 Mei

Mwanangu,

Usije, na usipige. Mambo yamebanana huku. Wote wazima, zaidi ya uzima wa kawaida wa watu wa umri wetu. Paka wamegawiwa, mmoja kamchukua fundi redio na amemwita Besi.

Sikuumia. Nilicheka nikaketi chini. Zile pua mbili nimezikubali. Karatasi nimeichana. "Mtazamaji mpendwa" nimemfukuza.

Aliyeumia ni mpigapicha. Kosa ni langu, nilimsomea barua yako kwa sauti, nikiwa kwenye mwendo, na nilipofika kwenye "mfukuze" breki zikawa zimeshakataa. Alinuna siku tisa. Alikuwa anakula akiangalia ukuta. Akasema wewe ni mtu wa kiburi. Nikamwambia, "Labda. Lakini kidole ni chako." Siku ya kumi akaniomba barua ile. Akaisoma na kalamu nyekundu mkononi, akapiga mistari chini ya maneno, akaandika pembeni "kweli", "kweli", na mahali pamoja "matusi, lakini kweli". Halafu akaniambia nimpe simu. Tangu hapo sina simu. Anapiga picha sufuria, anapiga picha paka, anapiga picha jua likipita juu ya boneti asubuhi, mchana na jioni, na anaandika saa kwenye daftari.

Ana maswali. Anauliza mtu mwenye mkono unaotetemeka afanye nini. Anauliza kwa nini jua likiwa nyuma ya gari, gari linakuwa jeusi na mimi nakuwa kivuli chenye kilemba. Anauliza sauti inaokolewaje kwenye upepo. Nimeahidi nitauliza bila kusema nani anauliza, kwa hiyo jifanye hujasoma sentensi iliyopita.

Video ya pili hiyo hapo. Dakika nne. Tukate bila huruma.

Jambo jingine. Hii ni barua ya tatu unaniandikia bila kuniuliza habari za baba yako. Sikulaumu. Nataja tu, kama mtu anavyotaja hali ya hewa.

Shangazi


16 Mei

Shangazi!

Shikamoo na hongera, vyote kwa pamoja. Mimi mzima sana leo. Kamanda amenipa studio ndogo ya nyuma iwe yangu. Haina dirisha, lakini ina mlango, na mlango ukifungwa hakuna anayeniomba nimfute mjomba.

Video ya pili nimeitazama nimesimama. Sikuweza kukaa. Umekaa kwenye usukani, huna karatasi, unamwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi ninayetazama. Pale unaposema klachi iachiwe kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia kitandani, "usimbwage, ataamka, na ataamkia ukutani", nilijikuta nanyanyua mguu wangu taratibu chini ya meza. Nimewafundisha watu kwa miaka miwili jinsi ya kupiga picha za harusi na hakuna nilichowahi kukieleza vizuri hivyo.

Kasoro zipo. Mlango unafungwa mara mbili, kata moja. Mwisho umechelewa: ukishazima injini, zima na kamera, usituage kama tunakwenda ng'ambo. Mwambie mwenye maswali yake kwamba mkono unaotetemeka unaegemezwa, viwiko vibanwe kwenye mbavu, apumue nje wakati wa kupiga. Jua liwe nyuma ya mpigapicha au ubavuni mwake. Upepo unazuiwa kwa kipande cha soksi juu ya maikrofoni, soksi safi.

Lakini lile zunguko! Dakika ya tatu, kamera inalizunguka gari zima, kutoka taa ya mbele mpaka buti na kurudi, inateleza kama iko juu ya maji, haishtuki hata mara moja. Sisi hapa kazini tuna reli na kigari maalumu cha kazi hiyo, na bado wapigapicha wetu wanatikisika. Mmepata wapi kifaa hicho? Nafuta maneno yangu: usimfukuze. Muongeze chai. Kesho nawaonyesha wenzangu kwenye skrini kubwa.

Kuhusu hali ya hewa uliyoitaja: nimesikia. Ukimwona, msalimie.

Mwanao


17 Mei

Shangazi,

Nimeionyesha kwenye skrini kubwa. Kamera ilipofika mbele ya gari, mwenzangu mmoja akasema, "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Uliing'arisha ile bampa mpaka ikawa kioo. Mnaonekana nyinyi wawili ndani yake, mmejipinda kidogo kama kwenye kijiko. Wewe uko nyuma, umeinama, umeuma ulimi, unasukuma. Mbele yako kuna kiti cha magurudumu. Aliyekaa ameishika simu kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, umefungwa. Amevaa kofia ya pama ninayoijua.

Wenzangu wakacheka wakasema kumbe kifaa ndicho hicho. Mimi nikatoka nje.

Baba amefanya nini mguu?


25 Mei

Mwanangu,

Nisamehe. Nakujibu yote, kwa mpangilio, kama ripoti ya ajali.

Tarehe saba Januari kaka yangu alipanda ngazi kubadilisha balbu ya kibarazani kwake. Nilimwambia amwite mtu. Akasema miaka thelathini amekuwa karani wa mahakama, hawezi kushindwa na balbu. Alishindwa na ngazi. Paja lilivunjika mahali pawili, wakaweka vyuma. Hospitali walipouliza waandike jina la nani kama ndugu wa karibu, akasema andikeni dada yangu. Nikasema mwanao je? Akanitazama vile anavyotazama watu waliochelewa kesi, akasema, "Asiambiwe. Atakuja kwa sababu ya mguu. Sitaki aje kwa sababu ya mguu." Nikaapa. Ningefanya nini mbele ya mtu aliyelala na vyuma?

Nikamleta kwangu. Alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona, na nimewahi kumuuguza bibi yako. Hataki mazoezi, hataki chai, hataki redio, anakaa dirishani na kofia yake kama anasubiri basi. Mtaalamu wa mazoezi alikuja mara mbili, mara ya tatu akaomba tutafute mwingine. Ndipo gari lilipokuja uani. Siku hiyo alisogeza kiti mwenyewe mpaka mlangoni kulitazama. Nikasema moyoni, hapa hapa. Nikamwekea simu mkononi nikamwambia nahitaji mpigapicha na sina mwingine. Kwa hiyo kama ulidhani mimi nilitaka sana kuwa nyota wa klachi, samahani. Ingawa sasa nimenogewa.

Nilikuandikia humjui, na sidhani kama nilidanganya sana. Mimi pia sikuwa namjua mtu huyu anayeamka alfajiri kupima jua.

Simu nilikukataza kwa sababu ukipiga, yeye ndiye angeipokea. Simu yenyewe iko mikononi mwake.

Lakini nilijua pia nitampelekea nani hiyo flashi. Hilo sikuliapia.

Jana nilimpa barua zako mbili, ya furaha na ile fupi. Ile ya furaha aliisoma akafika kwenye reli na kigari, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ile fupi aliishika muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Akasema usiku wa ile siku ya sebuleni hakulala vizuri, na kulipokucha akaitazama tena filamu yako, peke yake, maana uliisahau kwenye kompyuta yake. Akasema mahali yule mama anapofunga dirisha na chumba kinabaki na mstari mmoja wa mwanga, alisimamisha akatazama. Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia?" Akasema, "Hakuniuliza."

Nilimrushia mto.

Nikamwambia, "Basi leo nakuuliza mimi. Unamtaka mwanao au humtaki?" Akageuza kiti kuelekea dirishani. Kutoka huko akasema, "Muulize jinsi ya kulipiga picha gari linalong'aa bila mpigapicha kuonekana ndani yake." Nikasema, hilo ndilo jibu lako? Akasema, "Ndilo swali langu."

Kwa hiyo nimekuuliza. Zaidi ya hapo mimi mwalimu wa udereva, sina breki ya tatu.

Shangazi


5 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nane. Siku mbili za kwanza nilikukasirikia. Miezi mitano baba yangu ana vyuma mguuni na mimi naandika vichekesho kuhusu kidole chake. Nilimwita mfupi, Shangazi. Nilisema ashike ndoo.

Siku ya tatu nikaanza kumkasirikia yeye. Siku ya tano nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilihesabu mara ngapi umemtaja na mimi nikaruka kama sikuona. Siku ya saba nikachoka kukasirika, nikatazama video ya kwanza tena. Yote. Na ndala. Nilipofika kwenye kile kicheko kilichobanwa nikashangaa nilikisikia mara saba bila kukijua. Sikuwahi kumsikia akicheka akiwa kazini.

Ukurasa wa pili si wako. Mpe mwenyewe, usimsomee.


Baba,

Shikamoo.

Nimepata swali lako. Gari linalong'aa halipigwi kutoka mbele. Simama pembeni, kama unataka kupita bila kulisalimia, halafu vuta picha kutoka mbali. Ukiwa mbali unakuwa mdogo, na ukiwa pembeni bampa inatazama kwingine. Vaa nguo nyeusi. Kama hakuna njia, subiri wingu, mwanga ukipoa kioo kinapoa. Na ukikosa kabisa, tundika shuka tupu mkabala na bampa, nje ya picha, shuka ndilo litakaloonekana ndani yake, nalo halina uso.

Hivyo ndivyo inavyofanywa. Nimekueleza kwa sababu umeuliza, na ni swali zuri, wanafunzi wangu huliuliza mwaka wa pili.

Lakini ile video msiibadilishe. Nimejaribu kuikata ile sehemu ya bampa mara tatu kwenye kompyuta. Bila hiyo, zunguko ni zunguko tu, mashine yoyote ingeweza. Nimeiacha.

Kuna kasoro moja ambayo sikuiandika kwa Shangazi kwa sababu sikujua naandika kwa nani. Unazunguka haraka mno ukifika nyuma ya gari. Unaharakisha, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaambiwa kitu. Hakuna anayekufukuza. Pale nyuma ndipo rangi ilipobabuka na ndipo wanafunzi wote walipogonga, na ni pazuri kuliko mbele. Tulia pale.

Mguu unauma?

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ng'ombe hatuna, bustani hatuna, habari zote za nyumba hii sasa ni za mtu mmoja, kwa hiyo naanza naye.

Ukurasa wake nilimpa asubuhi baada ya chai. Akausoma mezani. Akauweka. Akavaa miwani, akausoma tena. Nilikuwa naosha kikombe kimoja muda wote huo, kimebaki chepesi. Akaniuliza, "Mwaka wa pili?" Nikasema, "Ndivyo alivyoandika." Akasema, "Mimi nimeuliza ndani ya miezi minne." Akanyanyua kidevu kama aliyeshinda rufani. Halafu akavua miwani akaifuta, akaifuta tena, na haikuwa na vumbi.

Mchana tukatoka uani. Nilimsukuma kulizunguka gari mara kumi na moja. Kila tukifika nyuma anasema, "Taratibu." Mara ya kumi na moja nikamwambia mimi si mota. Akasema, "Mhariri amesema tutulie."

Sasa sikia mkasa. Yule mtaalamu wa mazoezi wa pili, binti mwenye subira ya ajabu, alikuja juzi akampima akafurahi. Akasema mfupa umeshika, kuanzia wiki hii kiti kirudi hospitali, atumie magongo. Nilipiga vigelegele. Kaka yangu akakataa! Mtu aliyekuwa akikitukana kiti hicho tangu Januari amekishika magurudumu kama anaporwa. Binti akadhani ana hofu ya kuanguka, akaanza kumbembeleza. Nikamwambia binti, usijisumbue, huyu haogopi. Hebu muulize. Akaulizwa. Akasema ataandika.

Ameandika. Ameomba nimwachie nafasi hapa chini na nisisome, nimemwachia, na nimesoma. Mimi nimemaliza.

Shangazi


Kwa Mhariri,

Barua yako ya tarehe tano nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa. Mguu unauma asubuhi na jioni. Mchana nikiwa na kazi hauumi.

Kosa la kuharakisha nyuma ya gari nakiri. Sababu uliyoitaja ni ya kweli.

Zunguko nimerudia mara kumi na moja, na bado halijafika. Shangazi yako anasukuma vizuri lakini ana maoni mengi. Nahitaji mtu anayejua mwanga upande mmoja, na upande wa pili anayejua kusukuma bila kuzungumza. Nimemfahamisha mtaalamu wa mazoezi kwamba kiti hakiondoki kabla kazi haijakamilika, kwa kuwa mtu mwenye magongo hawezi kuteleza.

Amenipa mpaka Jumapili ya tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo nitasimama.

Njoo Jumamosi.

Baba yako